Punda Hukataa Mzigo, Pikapu Haikatai

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanakisomo na wajumbe wa kamati ya gari la kikundi, baada ya mavuno)

  

Leo hatukuja na kitabu. Tumekuja na chaki, na ubao mmoja mrefu, na jiwe. Kazi ya jiwe hili mtaiona baadaye. Mazungumzo yetu ni juu ya pikapu ya kikundi chenu, ile inayosimama pale chini ya mwembe. Tutazungumza namna ya kuipakia mizigo mizito bila ya kuiua gari yenyewe, na bila ya kuua mtu.

Zamani kidogo hamkuwa na gari. Magunia yalikwenda mnadani kwa mkokoteni wa ng'ombe na kwa baiskeli. Mkachanga, mkauza pamba, mkanunua. Kazi hiyo tunaisifu. Lakini tangu siku hiyo springi imekatika mara mbili, na tairi moja la nyuma limepasuka. Siku springi ya pili ilipokatika, gari lilikuwa limekwenda kuchukua saruji. Usiku wake mama mmoja wa hapa akashikwa na uchungu wa kuzaa, na gari la kumpeleka kituo cha afya halikuwapo. Alipelekwa kwa pikipiki, katikati ya watu wawili, katika njia ile ile mnayoijua. Alijifungua salama, na mtoto yupo, leo tumemsikia akilia hapa nje. Tunashukuru. Lakini ninyi mliokuwa macho usiku ule mnajua jinsi ulivyokuwa mrefu.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari za springi ni za fundi peke yake. Gari hili linabeba mahindi mchana na wagonjwa usiku. Likivunjika kwa mahindi, halipo kwa mgonjwa.

Sasa, mnamjua punda. Ukimzidishia mzigo husimama. Utamsukuma, utampiga, atasimama tu, pengine atalala chini hapo hapo njiani. Punda hukataa. Pikapu haina tabia hiyo. Ukiipakia magunia 8 itaondoka. Ukiipakia magunia 15 itaondoka pia. Inalalamika kidogo kidogo kwa lugha yake, na wanaoijua lugha hiyo ni wachache. Basi kwa sababu gari halikatai, ni lazima akatae mtu. Na mtu hawezi kukataa vizuri kama hajui hesabu.

Hesabu yenyewe inaanzia kwenye mlango wa dereva. Fungueni mlango ule, tazameni nguzo yake. Kama si pale, basi ndani ya chumba cha injini. Magari mengi yana kibati au kibandiko kilichowekwa na kiwanda. Hapo pameandikwa nambari. Moja ni uzito wa jumla ambao gari hilo halitakiwi kuupita. Mara nyingi pana nambari nyingine mbili: uzito ambao ekseli ya mbele inaweza kubeba, na uzito wa ekseli ya nyuma. Baadhi ya magari yaliyokuja yakiwa yametumika huwa na kibati cha lugha nyingine, au kibati kimeng'oka. Hapo tazameni kadi ya gari. Nayo ina nafasi ya kuandikwa uzito wa gari tupu na uzito wa jumla.

Neno "jumla" ndilo linalowakosesha watu. Husikia "pikapu ya tani moja", wakadhani wanaweza kupakia kilo 1,000 za mahindi, halafu dereva akapanda, na utingo, na mwenye mahindi, na shangazi yake. Hapana, ndugu. Jumla ni jumla. Ni gari lenyewe, na mafuta, na dereva, na abiria, na tairi la akiba, na vile vyuma mlivyochomea juu ya bodi, na mzigo. Vyote pamoja.

Tuandike ubaoni mfano. Tuseme gari tupu lenye mafuta lina kilo 1,650, na uzito wa jumla unaoruhusiwa ni kilo 2,700. Toeni. Inabaki 1,050. Dereva na watu wawili ndani, kila mmoja kilo 65, ni kilo 195. Toeni. Inabaki 855. Vyuma mlivyochomea, na jeki, na spana, na turubai, tuseme ni kilo 55. Inabaki 800. Gunia la mahindi la kilo 100, basi, ni magunia 8. Hayo ndiyo ya mfano huu. Ya gari lenu mtayapata kwa nambari za gari lenu.

Tunasikia mnaguna huko nyuma. Mnasema magunia 8 ni machache, mwenzenu wa kijiji cha pili hupakia 15. Haya, tumpigie hesabu na yeye. Magunia 15 ni kilo 1,500. Juu yake wanakaa watu sita, kila mmoja kilo 65, ni kilo 390. Jumla 1,890. Gari lililobakiwa na nafasi ya kilo 800 limepewa zaidi ya mara mbili. Nalo limeondoka, ndiyo. Hata mtu mgonjwa akifukuzwa na nyuki hukimbia.

Tena tumesema gunia la kilo 100. Lumbesa je? Wakala wa Vipimo wanaikataza, na wakulima mnajua sababu yake: mnunuzi anakula jasho lenu. Lakini lumbesa inaiumiza pikapu pia, maana utingo anahesabu magunia, hahesabu kilo. Mizani ya kupimia pamba mnayo pale kwenye chama chenu. Pimeni gunia moja moja kabla ya kupakia, muandike. Si kazi ya siku nzima.

Msiyategemee macho. Macho hudanganya, hasa kwa vitu vidogo vizito. Pamba ikijazwa mpaka juu ya kichwa cha gari inaonekana mzigo mkubwa mno, kumbe ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Ubaya wake ni urefu, tutausema. Lakini saruji! Mfuko mmoja ni kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja kamili, na haijafika hata nusu ya kimo cha bodi. Mtu akiitazama anaona nafasi, anasema ongeza. Vivyo hivyo mchanga. Mchanga mkavu wa kujaza sanduku la mita moja kwenda mbele, mita moja kwenda pembeni na mita moja kwenda juu huwa kama kilo 1,500 au zaidi, na ukinyeshewa unazidi. Bodi ya pikapu ikijazwa mchanga mpaka ukingoni, hiyo si pikapu tena.

Maji ni rahisi kuliko vyote, kwa kuwa lita moja ni kilo moja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Pipa la lita 200 ni kilo 200, na pipa lenyewe zaidi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Na maji yana ujanja wake. Tangi likiwa nusu, maji hucheza. Ukikata kona yanakimbilia upande, ukifunga breki yanakimbilia mbele, na gari linavutwa nayo. Bora tangi lijae kabisa kama uzito unaruhusu, au mbebe madumu mengi yaliyofungwa vizuri.

Labda mtasema, kama tumezidisha, si tutakamatwa kwenye mizani ya barabara kuu? Msingoje mizani ile. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inashughulika na magari ya tani tatu na nusu kwenda juu. Pikapu nyingi ziko chini ya hapo. Kusudi lake ni kulinda barabara zisivunjwe na malori. Pikapu yenu itapita pembeni, hakuna atakayeipima. Mizani yenu ni ninyi.

Haya, sasa jiwe na ubao. Sehemu hii tunataka kuisema polepole, kwa sababu hata madereva wa miaka mingi wanaikosea.

Tumeweka ubao juu ya jiwe. Jiwe ni ekseli ya nyuma. Upande mrefu wa ubao ni upande wa injini, na upande mfupi ni mkia wa bodi, ule unaotokeza nyuma ya magurudumu. Mtoto aje abonyeze mkia. Mmeona? Upande wa mbele umenyanyuka. Mtoto mdogo, kwa mkono mmoja. Hivyo ndivyo mzigo wa nyuma unavyofanya kwa gari lenu. Unabonyeza mkia na kunyanyua pua.

Tuitie nambari. Tuseme toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Mmeweka mzigo wa kilo 300 mwishoni mwa bodi, mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mnadhani ekseli ya nyuma imeongezewa kilo ngapi? Wengi mnasema 300. Si 300, ni 400. Kilo 100 nyingine zimetoka wapi? Zimetolewa kwenye magurudumu ya mbele. Hesabu yake ni hii: kilo 300 mara mita 1, gawanya kwa mita 3, unapata 100. Hiyo 100 imepungua mbele, na imekwenda kuongezeka nyuma. Mzigo ule ule ukiwekwa juu ya ekseli ya nyuma hasa, nyuma inabeba 300 na mbele haipungui kitu. Ukisogezwa mbele kidogo ya ekseli, magurudumu ya mbele nayo yanasaidia. Uzito ni ule ule, hata kilo moja haikuongezeka, ila mahali ndipo palipobadilika.

Na magurudumu ya mbele yakipungukiwa uzito, nini kinatokea? Usukani unakuwa mwepesi. Dereva anafurahi, anasema leo gari linaendeka laini. Si laini, ndugu, magurudumu hayakamati ardhi. Akikata kona, gari linataka kwenda moja kwa moja. Akifunga breki, zile za mbele ambazo ndizo zenye kazi kubwa zinateleza. Usiku taa zinamulika miti na popo badala ya barabara, na anayekuja mbele anapofushwa. Ukiona taa zako zinamulika miti, simama. Hamisha mzigo.

Kwa hiyo vitu vizito viende mbele, vigusane na ukuta wa kichwa cha gari, na viwe chini. Vyepesi nyuma na juu. Saruji mbele, magodoro nyuma. Tunajua kwa nini utingo hufanya kinyume: saruji inapakiwa mwisho kwa sababu duka la saruji liko mwisho wa mji, naye hataki kushusha magodoro. Basi nendeni kwenye saruji kwanza.

Nondo pia. Nondo moja ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ina karibu kilo 11. Watu huzikunja katikati, kisha mikia inaburuta barabarani nyuma ya gari. Hapo kuna mambo mawili: uzito uko nyuma mno, na anayekuja nyuma kwa baiskeli au pikipiki jioni hazioni. Kitambaa chekundu mchana, taa usiku. Na kama gari halizitoshi, kodini lori. Kusema kweli sisi hatupendi kuona nondo juu ya pikapu hata kidogo.

Msidhani jambo hili ni la kwetu tu, la watu wasio na malori. Huko Marekani na Kanada kuna watu wenye mtindo wa kupakia kijumba kizima juu ya pikapu. Ndani mna kitanda, jiko, tangi la maji, meza. Wanakwenda nacho kutembea porini na milimani, wanalala humo. Vijumba vyepesi vina kama nusu tani, vizito vinapita tani moja na nusu. Na huko huko watu wanabishana maneno yale yale mnayobishana ninyi chini ya mwembe. Mmoja anasema gari langu ni imara, linabeba tu. Mwingine anasoma uzito wa kijumba ulioandikwa, anasahau kwamba umeandikwa kikiwa kikavu, bila maji, bila mitungi ya gesi, bila vyakula, bila mke na watoto. Sheria ya Marekani inawataka watengenezaji wa vijumba hivyo waonyeshe mahali ulipo moyo wa uzito, yaani pale ambapo kijumba kingening'inizwa kwa kamba moja kingekaa sawa. Na wenye viwanda vya pikapu wanatakiwa kusema moyo huo ukae wapi juu ya gari. Mahali pake ni mbele ya ekseli ya nyuma. Ni ubao na jiwe lile lile.

Ninyi hamtapewa alama na kiwanda cha magunia. Lakini mnaweza kupiga mstari wenu. Chukueni rangi nyeupe, pigeni mstari kwenye ubavu wa bodi, nje, juu kabisa ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kisha mwambieni utingo: sehemu kubwa ya uzito iwe mbele ya mstari huu. Hata asiyejua kusoma atauelewa.

Sasa habari ya springi. Ilipokatika mara ya kwanza, mkaambiwa na jirani: ongezeni vyuma viwili vya springi, gari litabeba kama lori. Mkaongeza. Kweli, gari sasa halikai chini likipakiwa. Nyuma imesimama, inapendeza. Lakini tuulizane. Breki mmeongeza? Ekseli mmeibadili iwe nene? Chasisi je? Beringi za magurudumu? Hapana. Mmeongeza springi tu. Springi nyingi ni kama mtu aliyevimba miguu akavaa viatu vikubwa. Uzito umebaki pale pale, sasa unakwenda kuumiza kitu kingine, na hicho kitu kingine huenda kisikatike kwa upole kama springi. Tena mmelinyamazisha gari. Kukaa chini ndiyo ilikuwa lugha yake ya kusema nimeshiba. Hatusemi mzing'oe kesho. Zina faida yake katika barabara mbovu, na gari haliyumbi sana. Tunasema nambari ya kwenye kibati haikubadilika siku mlipoongeza springi.

Tairi hatutakaa nalo sana. Ubavuni mwake, baada ya ukubwa wake, pana nambari inayoonyesha uzito ambao tairi hilo linabeba. Nambari hiyo si kilo zenyewe, ni ya kutazamia katika jedwali: 100 maana yake ni kilo 800 kwa tairi moja, 112 maana yake ni kilo 1,120. Fundi wa tairi mwenye duka zuri analo jedwali hilo. Pana pia nambari nne za wiki na mwaka lilipotengenezwa. Ikiandikwa 3219, ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi la zamani hata likiwa na vipele vyote mpira wake umechoka. Lakini jambo kubwa ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mkubwa linajikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko kunatia joto, na joto ndilo linalolipasua, mara nyingi mchana wa jua kali na gari likiwa mbio. Pimeni upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo, si kwa kupiga teke. Kipimo kisomeke kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni kwa gari lililopakiwa. Mkisimama njiani wekeni kiganja juu ya matairi. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, lina shida.

Tufunge mzigo. Hapa mama zetu mnajua zaidi, kwa kuwa mnafunga kuni, na kuni zilizofungwa vibaya humwagika kichwani. Mzigo wa gari unataka kutoka kwa njia nne. Mkubwa wa njia hizo ni mbele, maana gari likifunga breki, gari linasimama lakini mzigo haujaambiwa. Katika nchi za Ulaya kanuni ni kwamba vizuizi viweze kuzuia nguvu ya asilimia 80 ya uzito upande wa mbele, na asilimia 50 pembeni na nyuma. Yaani mzigo wa kilo 1,000, mbele uzuieni kama kilo 800. Kamba ya katani iliyooza haizuii hizo. Ndiyo maana tunasema mzigo uegemee ukuta wa mbele. Ukiacha nafasi ya nusu mita kati ya saruji na ukuta, saruji itaipita nusu mita hiyo kwa kasi, kisha itabisha hodi mgongoni kwa dereva.

Kamba zipite juu ya mzigo zikivuka kama herufi X, zifungwe kwenye ndoano za chuma, si kwenye mlango wa nyuma. Mlango ule ni wa kufunga bodi, si wa kushikilia tani moja. Halafu, na hili wengi hawalifanyi, mkishakwenda kilomita chache, simameni. Magunia yameshuka, yamekaa, kamba zimelegea. Kazeni tena. Ukikaza nyumbani tu umekaza mzigo usiokuwapo tena.

Na urefu. Tuliahidi kuusema. Pamba ikipita kichwa cha gari kwa mita moja na nusu, gari limekuwa kama mtu aliyebeba mtungi kichwani akipita juu ya gogo. Kwenye korongo, gurudumu moja likiingia shimoni, juu kunayumba zaidi kuliko chini, na gari linaanguka ubavu likiwa linakwenda polepole kabisa. Hakuna haja ya mbio. Upepo wa pembeni nao unasukuma ukuta ule. Pakieni chini, mpanue, msijenge ghorofa.

Breki. Mnayo miteremko yenu hapa, lakini mkisafiri mtakutana na mikubwa, kama Sekenke kwenye njia ya Singida kwenda Nzega, au Kitonga kwenye njia ya Morogoro kwenda Iringa. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki inazidi mara nne. Gari linalohitaji hatua 10 za breki kusimama kutoka kilomita 40 kwa saa, litahitaji kama hatua 40 likiwa kwenye kilomita 80. Wengi mlidhani 20. Ongezeni mzigo, na joto la breki linaongezeka pia. Katika mteremko mrefu dereva akikanyaga breki muda wote, breki zinaungua, mafuta yake yanachemka, na kanyagio linashuka mpaka chini bila kushika kitu. Harufu kama ya nguo inayoungua ni onyo. Njia yake ni kuingia gia ndogo juu kabisa, kabla ya kuanza kuteremka, na kuiacha injini ilishike gari. Breki kanyaga, achia, kanyaga, achia. Dereva anayezima injini au kuweka gia huru ili aokoe mafuta, kamati mmwondoe. Hilo hatulisemi kwa mzaha.

Tumebakiza watu. Siku ya mnada gari hili linaondoka na magunia, na juu ya magunia wanakaa mama wenye watoto mgongoni, wazee, na vijana wanaoning'inia nyuma. Tumesikia kila sababu. Nauli ni ndogo. Gari ni letu. Tumezoea. Lakini kamba imefunga magunia, haikufunga watu. Gari likiingia shimoni, gunia linabaki, mtu anaruka. Na gari likilala, gunia la kilo 100 linamwangukia yeye. Tena watu sita juu ni kilo 390 mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa na mara nyingi nyuma ya mstari ule mweupe. Watu waende safari yao, mzigo uende safari yake.

Mweka hazina anatikisa kichwa, anawaza mafuta. Ni haki yake. Basi tupige. Mnada uko kilomita 30, kwenda na kurudi 60. Tuseme gari linatumia lita moja kwa kilomita 8. Safari ya pili ni lita 7 na nusu za dizeli. Fungueni daftari la matumizi muone mlilipa kiasi gani kwa tairi lile na kwa springi zile mbili, na siku ngapi gari lililala kwa fundi. Halafu gaweni kwa bei ya lita 7 na nusu, mjue mngekwenda safari ngapi. Hesabu hiyo tunawaachia, ni kazi ya nyumbani ya wiki hii, na jibu tutaliuliza.

Kuna mzee ametuuliza kabla hatujaanza: nani mwenye amri ya kusema basi, yatosha? Mwenye mahindi anasema yeye amelipa. Mwenyekiti anasema gari ni la kikundi. Utingo anasema yeye ndiye mpakiaji. Kwa maoni yetu, amri hiyo apewe dereva, na iandikwe katika daftari la kamati, wajumbe watie sahihi. Dereva ndiye anayeushika usukani, naye ndiye wa kwanza kuhisi gari likilalamika. Lakini dereva ni kijana, na mwenye mahindi pengine ni baba yake mdogo. Hawezi kumwambia hapana kwa mdomo mtupu. Mkiandika idadi ya kilo na mkaibandika ndani ya mlango, dereva hatasema "mimi nakataa." Atasema "baba, soma hapa."

Haya, jua limekaribia kuzama. Tutoke nje tuifungue milango. Kibati kiko upande wa dereva. Mama uliyekaa karibu na mlango, tunakuomba wewe ukisome kwa sauti, na mzee mwenye chaki aandike nambari ubaoni jinsi zinavyotajwa.